UZI: Kadi za mkono za kugonga mhuri na kupaka maka. Tuzungumze wino kabla ya rangi

BintiMwanga

Habari za jioni, wadau. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Natengeneza kadi za mkono: za kipaimara, za Idi, za sendofu, za mahafali, za pole. Kazi yenyewe iko hivi: unagonga mhuri wenye mchoro wa mistari mitupu, unajaza rangi kwa maka (kalamu za rangi za wino), unakata, unakunja, unaandika maneno ndani. Huu ni mwaka wa nne.

Nimeanzisha uzi kwa sababu kila mara napokea picha ya kadi iliyoharibika na swali ni lilelile: "Dada, mbona mstari mweusi umetapakaa?" Nami niliwahi kulia kwa swali hilohilo.

Mwaka wa kwanza nilipata oda ya kadi 40 za kipaimara. Nilichora njiwa aliyetandaza mbawa, fundi akanichongea mhuri wa mpira wenye mpini wa mbao, mzuri kabisa. Nikanunua pedi ya wino mweusi, ile ya kugongea barua ofisini. Muuzaji aliniambia wino huo hautoki, nami nikamwamini. Nikagonga kadi zote 40 jioni, zikalala mezani. Asubuhi nikagusa kwa kidole, hakuna kilichotoka. Nikachukua maka ya kijivu hafifu ili nitie kivuli chini ya bawa. Ncha ilipogusa mstari tu, weusi ukaamka. Ukaifuata ncha hadi katikati ya bawa, na pembeni ukatoka ukungu wa zambarau, maana wino mweusi mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa na hapo zilikuwa zinaachana. Nikajaribu ya pili, ya tatu. Niliharibu kadi 11 kabla sijakubali kwamba kosa haliko mkononi mwangu.

Zile 29 nilizimalizia kwa penseli za rangi, kwa sababu penseli ni kavu na haiyeyushi kitu. Na 11 nilizichora upya kwa kalamu, moja moja, usiku kucha. Misa ilikuwa saa tatu.

Sasa sababu. Maka ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya kimiminika kinachokauka: ama spiriti, ama maji. Ukiipitisha juu ya mstari, unaulowesha mstari kwa kimiminika hicho. Wino wa mhuri ukiwa ni wa kuyeyuka ndani yake, utayeyuka tena hata kama ulikauka juzi. Kwa hiyo wino na maka huchaguliwa pamoja, kama kufuli na ufunguo wake.

Ukitumia maka za spiriti kama Copic au Ohuhu, tafuta wino wa maji unaovumilia spiriti. Memento mweusi unajulikana sana kwa kazi hii. Lakini Memento huohuo ukiupitishia brashi yenye maji, utachuruzika. Ukitumia maka za maji au rangi za maji, geuza: tafuta wino usioogopa maji, kama VersaFine au Archival. StazOn unashika hata kwenye kioo na plastiki, na maji hayaufanyi kitu, ila kimiminika chake kina undugu na spiriti, hivyo chini ya maka za spiriti unaweza kusogea. Na wino wa pedi ya ofisi umetiwa glaiseroli au kitu cha jamii hiyo ili pedi isikauke haraka. Karatasi inaunyonya, lakini ukipata maji au spiriti unaamka. Waachieni watendaji wa mitaa.

Kabla ya oda yoyote, gonga mhuri kwenye kipande cha karatasi ileile utakayotumia. Subiri dakika kumi. Pitisha maka mara tatu juu ya mstari, kisha tazama ncha na utazame mstari. Ncha ikichafuka, simama hapohapo.

Karibuni tujadili.

KijanaWaKibirizi

Shukrani sana dada. Mimi nina kalamu za rangi za wanafunzi tu, zile za pakiti ya 12. Nikipaka, karatasi inachubuka na kutoa vinyuzi, na rangi inakaa mistari mistari. Hizo za spiriti bei yake siiwezi kwa sasa. Niache?

BintiMwanga

Usiache, mdogo wangu. Hizo ni maka za maji, na kosa ni kuzisugua kwenye karatasi kama chaki. Maji yanalainisha uso wa karatasi, ukirudiarudia unauchuna.

Fanya hivi. Chukua kifuniko cha plastiki, cha ndoo ya siagi kwa mfano. Sugua kalamu juu ya plastiki mpaka upate kidimbwi kidogo cha rangi. Chovya brashi ndogo yenye maji machache, chota rangi, paka kwenye mchoro. Kwenye kivuli chota nyingi, kwenye mwanga ongeza maji. Ukimaliza tabaka moja acha likauke kabisa ndipo uweke la pili. Utaona rangi inatulia kama ya kuchora kwa brashi, na pakiti yako itadumu zaidi.

Kumbuka tu mstari wako uwe wa wino usioogopa maji.

FundiMihuriTabora

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi ni fundi mihuri, kazi yangu kubwa ni mihuri ya ofisi, shule na vikundi, lakini siku hizi naletewa michoro ya kadi. Naomba niseme upande wa mhuri, maana mnatuletea vitu vya ajabu.

Mchoro uwe mweusi juu ya nyeupe, bila kijivu. Mhuri haujui kijivu: mahali ama pameinuka na kushika wino, ama pamezama. Mistari isikaribiane mno. Nafasi ndogo katikati ya mistari miwili hujaa wino na kuwa doa. Na mwambie fundi wako mapema kwamba unataka mhuri mtupu wa mpira, wa mpini. Ile ya kubonyeza inayojipaka wino yenyewe ina pedi yake ndani, yenye wino wa ofisi, na hapo unarudi kwenye msiba wa njiwa aliousimulia dada.

Mihuri ya polima, ile inayoonekana kama jeli, ni mizuri kwa kadi kwa sababu unaibandika kwenye kipande cha akriliki (plastiki ngumu kama kioo) na unaona unapogonga. Ikiwa mipya inakataa wino, wino unajikusanya matone matone. Isugue kidogo kwa raba ya kufutia penseli, itashika. Yote, ya mpira na ya polima, usiianike juani baada ya kuosha. Jua linakausha mpira ukapasuka, na polima inageuka njano na kuwa ngumu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, weka kwenye kopo.

BintiMwanga

Fundi, umenigusa kwenye jambo la nafasi. Nilichora MV Liemba, hii meli yetu iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915, nikaweka madirisha yote jinsi yalivyo. Mhuri ulipokuja, kila nikigonga madirisha yanajaa yanakuwa ukanda mweusi. Nikarudi kuchora upya, madirisha sita tu upande mzima, na kila mtu wa Kigoma akiiona kadi anasema "Liemba hiyo!" Jicho linajazia lenyewe.

Niongeze kuhusu kugonga. Mhuri mkubwa usiukandamize kwenye pedi. Ulaze mhuri uso juu, halafu wewe chukua pedi uupigepige taratibu mpaka ung'ae sawasawa. Chini ya karatasi weka daftari, siyo meza tupu, ili mpira upate pa kuzamia kidogo. Shusha wima, bonyeza kwa viganja, hesabu hadi tano, inua wima. Ukiubembeza, kingo za mpira zinaacha alama.

KijanaWaKibirizi

Fundi, na mtu asiye na hela ya mhuri? Nimeona watu wanachonga raba.

FundiMihuriTabora

Inawezekana, tena ni shule nzuri. Chukua raba kubwa nyeupe, mpya, isiyokuwa na kona zilizolika. Chora mchoro wako kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba. Uilaze karatasi uso chini juu ya raba, usugue mgongo wake kwa kucha. Mchoro utahamia kwenye raba ukiwa umegeuka kama kwenye kioo, na ndivyo unavyotakiwa, kwa sababu ukigonga utageuka tena na kukaa sawa. Anayeandika maneno moja kwa moja kwenye raba ndiye anayepata "HONGERA" inayosomeka kinyumenyume.

Kata kwa wembe mpya au kisu chembamba cha karatasi. Mteremko wa kisu uelekee nje ya mstari, ili mstari uwe na mizizi mipana chini. Ukikata kwa ndani, mstari unabaki umesimama kwa ncha, na unapogonga unalala.

MwalimuWaSanaa

Uzi mzuri. Nafundisha sanaa sekondari, na nina njia ya tatu: fotokopi. Chora mchoro wako mara moja kwa kalamu nyeusi, kisha piga fotokopi kwenye manila kupitia trei ya pembeni ya mashine. Tona ya fotokopi ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukashikamana na karatasi, hivyo maji hayaufanyi kitu, na maka za spiriti kwa kawaida zinapita salama. Copic zenyewe, zilizotoka Japani mwaka 1987, zilibuniwa ili wino wake usiyeyushe tona ya fotokopi, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza "copy", yaani kunakili. Lakini msichanganye na printa ya wino wa maji. Hiyo ikipata unyevu inachuruzika.

BintiMwanga

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwamba inafanya kazi, na mwenye oda ya kadi 200 nitamshauri aifuate. Ila mimi moyo wangu uko kwenye mhuri. Kila ukigonga unapata tofauti kidogo, mahali wino umekolea, mahali umefifia, na mteja anaijua kwa kuishika. Fotokopi zote ni sura moja. Hapo naona mkono unapungua.

MwalimuWaSanaa

Marahaba. Sikubaliani nawe moja kwa moja. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ya London mwaka 1843, aliyeagiza ni Henry Cole na aliyechora ni John Callcott Horsley. Mistari yake ilichapwa kwa mashine ya chapa ya jiwe, halafu kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Iliuzwa shilingi moja ya Kiingereza, bei kubwa kwa wakati ule. Mistari ya mashine, rangi ya mkono. Kama ile ni kadi ya mkono, basi na ya mwanafunzi wangu wa Ujiji ni ya mkono.

BintiMwanga

Mwalimu, hilo sikulijua, na nimelipenda. Nalipokea. Bado nitaendelea kugonga mhuri, lakini sitamwambia tena mtu kwamba ya fotokopi si ya mkono.

MamaKipaimara

Dada, mimi nisaidie jambo moja. Nina maka za spiriti, seti ya bei nafuu. Nikipaka uso wa bibi harusi wetu, anatoka ama wa waridi ama wa tope. Kuna kalamu imeandikwa "ngozi", ukiipaka ni rangi ya pichi. Binti yangu aliniuliza, "Mama, huyu ni nani?"

BintiMwanga

Mama, hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo linaloniuma. Uso wa mtu wetu si kahawia moja iliyomwagwa. Unahitaji kalamu tatu: ya mwanga, ya katikati, ya kivuli. Mimi natumia Copic E25, E27 na E29. Herufi E ni familia ya rangi za ardhi. Tarakimu ya kwanza ni kundi la ukolevu, ya mwisho inaonyesha giza, inavyopanda ndivyo rangi inavyokolea. Ndiyo maana hizo tatu zenye 2 mwanzoni zinaungana bila kugombana. Kwa seti yako, fungua kahawia zote, paka kila moja kwenye karatasi ileile ya kadi, subiri ikauke, ndipo uchague tatu. Usiamini rangi ya kifuniko. Na usihukumu ikiwa bado mbichi, kwa sababu maka ya spiriti ikikauka inapungua ukolevu.

Sasa uso wa bibi harusi, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Amua mwanga unatoka wapi, tuseme juu kushoto. Paka ile ya mwanga uso mzima kwa ncha ya brashi, ukiacha unywele mmoja wa nafasi kabla ya mstari, kwa sababu spiriti itasambaa yenyewe mpaka hapo. Usisubiri ikauke. Chukua ya kivuli: chini ya kilemba au ushungi, upande wa kulia wa pua, chini ya mdomo, na shingoni chini ya kidevu, ambako ndiko giza kuu. Kisha ya katikati, kwa viduara vidogo pale giza linapokutana na mwanga. Mwisho rudi na ya mwanga, pita mara moja tu juu ya mipaka yote. Paji la uso na shavu la kushoto usiyarudie. Hapo ndipo ngozi inang'aa.

Kivuli cha ngozi yetu usitie kijivu wala cheusi. Kijivu juu ya kahawia ndicho kinacholeta hilo tope, uso unakuwa kama umepakwa majivu. Ukitaka giza zaidi, kahawia iliyokolea zaidi. Kwenye shavu, mguso mmoja wa wekundu wa tofali wakati uso haujakauka, basi.

Na ile kalamu isiyo na rangi, ile namba 0, haifuti. Inasukuma rangi. Ikizidi inaacha duara la maji lenye kingo, kama doa la chai.

Fanya mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano inadanganya kwenye kahawia.

MamaKipaimara

Nimefanya mchana huu. Binti amesema huyu ni shangazi. Asante sana, dada.

KijanaWaKibirizi

Karatasi je? Nimetumia ya kawaida ya fotokopi, imepita mpaka upande wa pili mpaka mezani.

BintiMwanga

Hiyo ni ya gramu 80, haitoshi kabisa. Kwa maka za maji manila ya gramu 160 inabeba. Kwa spiriti nenda 250 ukiipata, yenye uso laini usio na mng'ao. Hata hapo spiriti itapenya nyuma, ndiyo hali yake. Kwa hiyo mimi sipaki juu ya kadi yenyewe: napaka kwenye kipande, nakikata, nakibandika mbele ya kadi kwa tepu ya pande mbili. Gundi ya maji inakunjamanisha.

Nusu ya A4 ukiikunja unapata milimita 105 kwa 148, inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kubana. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya bolpeni iliyoisha wino kando ya rula ili mkunjo uwe na njia. Ukikunja ukaona mgongo unapasuka, umeenda kinyume cha nyuzi za karatasi, geuza karatasi upande mwingine.

Masika nafungia karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu wa ziwa ukiingia, inajikunja na wino unaota ndevu, yaani unatambaa nje ya mstari. Na nawe uliye Kibirizi, nawa mikono kwa sabuni. Mafuta ya mawese au ya dagaa yakigusa karatasi, pale hakuna wino utakaoshika, na huoni mpaka umegonga.

FundiMihuriTabora

Maka za spiriti zilazeni, msizisimamishe, ili wino ufike ncha zote mbili. Na kadi msiziweke dirishani dukani. Rangi zake zinafifia kwa jua.

KijanaWaKibirizi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimechonga raba: mtumbwi wa dagaa usiku, taa mbili, maji yanamulikwa. Nimetumia wino usioogopa maji na kalamu zangu za wanafunzi kwa njia ya kifuniko. Mtumbwi umekubali, anga imekubali. Taa ndizo zimekataa. Nimepaka bluu ya giza anga yote, kisha nikaweka njano juu, imekuwa kijani kibichi chafu.

BintiMwanga

Hongera kwanza, picha nimeiona na mstari wako umetulia. Njano haiwezi kukaa juu ya bluu, maka zetu hizi ni rangi za kupenya, ya chini inaonekana kila mara. Anza na taa. Karatasi nyeupe yenyewe ndiyo mwali, usiiguse. Izungushie njano hafifu, acha ikauke, kisha chungwa hafifu kidogo nje yake, acha ikauke, ndipo ulete bluu ukianzia mbali, pembeni mwa kadi, uje nayo ukiififisha kwa maji mpaka ikaribie chungwa bila kuigusa. Kwenye ziwa fanya vivyo hivyo: acha vipande vyembamba vyeupe chini ya kila taa, vilale kwa mapana, vikikatikakatika.

Usiku wa giza hapo Kibirizi nenda ukatazame kabla ya kupaka tena. Utaona mwanga wa majini ni mrefu kuliko taa yenyewe, na unakuja upande wako.

KijanaWaKibirizi

Nimetoka huko sasa hivi. Kweli, unakuja mpaka karibu na miguu. Kesho nagonga nyingine.